Mwaka wa Mkimbiaji wa Rungwe Huanza na Mvua

Msikilizaji, jioni hii nina hoja moja ya kutetea, na najua si wote watakaoikubali. Mkimbiaji wa Lufingo, wa Kiwira au wa Tukuyu mjini anayetaka kuupanga mwaka wake wa mbio vizuri aanze kuuhesabu Novemba, mvua zinapofunguka. Asiuhesabu kuanzia Januari, na wala asingoje siku atakayoliona tangazo la marathoni kwenye simu. Miezi ya mvua, ambayo wengi wetu huiona imepotea, ndiyo hasa miezi ya kujenga nguvu za misuli. Na kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho cha kutafuta kasi na kushindana. Hali ilivyo sasa ni kinyume kabisa. Tangazo likitoka, mtu hununua raba za mtumba, hukimbia wiki tatu kwa nguvu zote, huenda kwenye mbio, huvaa fulana mpya na kupiga picha na medali, kisha hurudi nyumbani akichechemea na kukaa miezi miwili bila kukimbia hata mita mia. Tangazo jingine likija, anaanza upya. Na matangazo hayakosekani. Mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon pale Moshi, Mei kwa kawaida kuna Tulia Marathon hapo Mbeya mjini, Julai Dodoma, Agosti Dar es Salaam, Oktoba Rock City kule Mwanza, na katikati yake kuna mabonanza ya mashirika, ya benki na ya klabu za jogging yasiyo na idadi. Mwenye nauli anaweza kukimbia mbio kila mwezi. Swali ni kama mwili wake utafaidika na mbio hizo, au utaliwa na mbio hizo.

Tuanze na mtu ambaye hakuna awezaye kumfundisha mbio kutoka kwenye kipaza sauti. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Tulishangilia zile mita za mwisho, na tulikuwa na haki. Mimi lakini nakuomba uangalie kalenda iliyotangulia. Tarehe 1 Desemba 2024 Simbu alikimbia Valencia, Hispania, akawa wa nne. Tarehe 21 Aprili 2025 alikimbia Boston, akawa wa pili. Kisha Tokyo. Kutoka Valencia hadi Boston ni siku 141. Kutoka Boston hadi Tokyo ni siku 147, yaani wiki 21 kamili. Hizo ni marathoni tatu katika miezi tisa na nusu, kila moja na nafasi yake ya kupumzika, kujengwa upya na kunolewa. Miaka zaidi ya 30 kabla yake, Juma Ikangaa alifanya jambo linalofanana: Aprili 1989 alikuwa wa pili Boston, na Novemba mwaka huohuo akashinda New York kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Kati ya mbio hizo mbili kuna zaidi ya miezi sita. Hawa ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao, wanalala mchana, wanakandwa, wanakula kwa ratiba. Sasa mtu anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe, akashinda shambani au dukani, anatoa wapi mwili wa kushindana kila mwezi?

Najua jibu litakalorushwa haraka: hao wanakimbia kilomita 42, sisi tunakimbia 10, au 21 tukijitahidi sana. Ni kweli nusu marathoni huchosha kidogo kuliko marathoni kamili. Lakini uchovu haupimwi kwa urefu wa njia peke yake. Hupimwa kwa umbali ambao miguu imezoea. Aliyezoea kilomita 25 kwa wiki akikimbia 21 kwa asubuhi moja, tena kwa nguvu zote, amejitwisha karibu mzigo wa wiki nzima kwa mkupuo. Na hapa kuna jambo la mwili ambalo mkimbiaji mpya hulijua akiwa ameshaumia. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Baada ya wiki chache za mazoezi pumzi inakuwa nzuri, kilima kilichokuwa kikikusimamisha sasa unakipanda, na unaanza kujiona fiti. Kano, mifupa na viungio hujifunza polepole zaidi, kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari, kati ya mwezi wa pili na wa nne hivi, ambapo pumzi inamruhusu mtu kwenda kasi ambayo kano ya kisigino na mfupa wa ugoko bado haviwezi kuihimili. Ndipo tunaposikia, "Fulani alikuwa amekuja vizuri sana, sijui kapatwa na nini." Hakurogwa. Amekimbia kwa mapafu ya mwezi wa tatu juu ya kano za mwezi wa kwanza.

Ndiyo maana mwaka unahitaji msingi mrefu, na ndiyo maana naiangalia kalenda ya Rungwe yenyewe badala ya kuazima ya watu. Wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki hata 700. Mvua zetu hufunguka Novemba, hushamiri Machi na Aprili, na huaga Mei. Tukuyu ipo kwenye mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, na Kyela huko chini haizidi sana 500. Programu ya wiki 16 iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya inajua theluji na majira ya baridi. Ile ya Dar es Salaam inajua joto na foleni. Hakuna hata moja inayojua kwamba Aprili njia ya udongo kutoka shambani hadi lami imegeuka sabuni, au kwamba Novemba na Desemba kila mwenye mikono miwili yuko shambani. Mtu akiifuata kama ilivyo, wiki ya tano anaikosa kwa sababu ya mvua, ya sita kwa sababu ya palizi, ya saba anaona aibu, ya nane ameacha. Tatizo hapo si uvivu. Alipewa kalenda ya mahali pengine.

Basi nipange ya hapa. Tuchukulie mbio kuu ya mwaka iko Agosti, Septemba au Oktoba. Baada yake, wiki mbili hadi tatu za kutokimbia kabisa, na hizo ziangukie pale shamba linapodai watu. Kulima kunachosha, kwa hiyo mapumziko haya si ya kulala. Ni ya kuipa miguu nafuu ya mshindo wa lami huku mwili ukifanya kazi nyingine. Desemba hadi Machi kukimbia kuwe mara tatu au nne kwa wiki, polepole, na siku mbili ziwe za nguvu. Mvua ikinyesha asubuhi, badilisha: siku ya nguvu iletwe mbele, ya kukimbia isogezwe. Radi ikipiga kaa ndani, hakuna kocha duniani atakayekulaumu. Na kwa wanaotumia barabara kuu ya kwenda Kasumulu, niongeze jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya mazoezi: malori ya Malawi hayakuoni kwenye ukungu. Kimbia ukiyatazama yanakokuja, vaa nguo nyeupe au ya kung'aa, na spika za masikioni ziache nyumbani. Aprili na Mei, miguu ikiwa imeshapata nguvu, ingiza vilima. Juni hadi Agosti, barabara kavu na asubuhi ya baridi, ingiza kasi. Wiki mbili kabla ya mbio punguza. Mwaka ni huo, na sehemu yake kubwa, miezi minne kati ya kumi na miwili, haina jambo la kupiga picha.

Sasa nguvu. Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na pingamizi lenyewe lina uzito. Watu husema: mazoezi ya nguvu ni ya watu wa mjini wanaokaa ofisini, sisi tunabeba mikungu ya ndizi, tunapanda na magunia ya viazi kutoka bondeni, tunashika jembe tangu utotoni, hayo matofali ya kunyanyulia ni ya nini? Nakubali nusu. Mtu aliyelelewa na jembe ana mgongo, mabega na mikono ambayo kijana wa mjini hulipia pesa kuipata, na mwenye kupanda vilima hivi kila siku ana mapaja. Lakini kazi ya shamba ina kasoro tatu ukiitazama kama mazoezi. Ya kwanza, haiongezeki kwa mpango: mkungu wa ndizi haujali kwamba wiki iliyopita ulibeba mdogo zaidi, na wiki ya mavuno mzigo unaruka mara tatu halafu unatoweka. Ya pili, inafanywa kwa miguu miwili ardhini, na mara nyingi kwa kuinama, wakati kukimbia ni kuruka kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika sita, kwa hatua 170 kila dakika, hupiga hatua 1,020 kwa kilomita. Nusu marathoni ni hatua zaidi ya 21,000, na kila mguu peke yake hutua zaidi ya mara 10,000. Katika kila kutua, kigimbi hubeba mzigo ulio mara kadhaa ya uzito wa mwili. Jembe halijawahi kukifundisha kigimbi kazi hiyo. Ya tatu, shamba hufundisha nguvu ya polepole, na mkimbiaji anahitaji pia ile ya kudunda.

Ushahidi wa hili la kudunda upo, na si wa jana. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake kule Finland walichapisha utafiti wa wakimbiaji waliokuwa tayari wazuri. Kwa wiki tisa kundi moja liliendelea na mazoezi ya kawaida, na jingine likachukua karibu theluthi ya muda wake wa mazoezi na kuuweka kwenye kuruka, mbio fupi za kasi na kunyanyua uzito mwepesi kwa haraka. Muda wote wa mazoezi ulikuwa karibu sawa. Kundi la nguvu liliboresha muda wake wa kilomita 5, ingawa uwezo wake wa juu wa kutumia hewa haukupanda. Maana yake pumzi ilibaki ileile, na miguu ikawa inaitumia vizuri zaidi, kama kupunguza matumizi ya mafuta bila kubadilisha injini. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea hukohuko. Kwa hiyo anayeniambia kwamba muda wa kunyanyua uzito umeibwa kutoka kwenye muda wa kukimbia, namjibu kwamba watu wale waliuiba, tena wakapata faida.

Na vifaa? Viko barazani. Chukua zoezi moja tu tulitazame kwa karibu. Simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi ya baraza, nusu ya mbele ya unyayo ikiwa juu ya saruji na kisigino kikiwa hewani. Nguzo iguse kwa vidole viwili, usijivute nayo. Panda juu kwa sekunde moja, simama kidogo, kisha shuka taratibu kwa sekunde tatu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo na usikie kigimbi kinavutika. Goti libaki limenyooka. Wataalamu wa viungo hulitumia zoezi hilihili kupimia, na mtu mzima aliye fiti hutarajiwa kufika karibu mara 25 bila kupumzika. Wengi wanaojiita wakimbiaji huanza kutetemeka kwenye ya 12, na mguu mmoja hushindwa kabla ya mwenzake. Huo ulioshindwa ndio utakaouma Septemba. Ukifika 25 kwa miguu yote, vaa begi mgongoni lenye mchanga kilo tano, urudi kwenye nane, uanze kupanda tena. Ukishalizoea, ongeza kupanda na kushuka kwenye jiwe la urefu wa goti, mguu mmoja mmoja. Kuchuchumaa na kiroba cha mchanga umekikumbatia kifuani. Kulala chali na kuinua nyonga. Na mwisho kuruka kamba, dakika moja, pumzika, dakika nyingine. Nusu saa inatosha, mara mbili kwa wiki. Andika kwenye daftari uzito na idadi. Kila wiki ya nne punguza, mwili upumue. Na wiki ya mavuno, ukiwa umebeba magunia siku tatu mfululizo, futa siku moja ya nguvu bila kujilaumu, kwa sababu mwili hauna daftari mbili, moja ya shamba na moja ya mazoezi.

Nihamie kiangazi, na hapo vilima vyetu vina hila yake. Tunajivunia vilima, na tunastahili. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha viatu, aliwapeleka vijana wake kila wiki kwenye mzunguko wa vilima wa kilomita kama 35, hata yule wa mita 800. Kwanza kilomita nyingi kwa miezi, kisha vilima, kisha kasi, na mashindano mwishoni. Tarehe 2 Septemba 1960, kwenye Olimpiki ya Rome, Peter Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg akashinda mita 5,000, siku moja, wote wanafunzi wake. Vilima kama vyao tunavyo. Tulichokosa ni ule mfuatano. Tena kilima kina tabia ya kulifanya kila zoezi kuwa gumu. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefundisha Norway, alipochunguza wanamichezo wakubwa wa uvumilivu alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi ni vyepesi, vya mtu kuweza kuongea. Kwa mtu wa Lufingo ni rahisi kulisoma hilo kuliko kulifanya, maana kila njia kutoka mlangoni ama inapanda ama inashuka, na akipanda mbio tayari anahema. Dawa yake inawakera vijana: siku nyepesi, mpando mkali upandwe kwa kutembea. Ukiweza kumsalimia mzee njiani kikamilifu, na kumuuliza habari za nyumbani, za mifugo na za watoto bila kukata pumzi, uko sawasawa. Ukijibu kwa kutikisa kichwa, umekwenda kasi mno. Siku ngumu ziwe mbili tu kwa wiki, na hizo ziwe ngumu kweli.

Kuna faida nyingine ya hapa kwetu ambayo siisikii ikitajwa. Anayekwenda kukimbia Dar es Salaam anatoka kwenye baridi ya Tukuyu na kuangukia joto la pwani, na hata Agosti, mwezi wa nafuu kule, jasho litamshangaza. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto vizuri. Wengi wanafika jana yake. Lakini Kyela iko hapo chini, ina joto na unyevu wake, na daladala zinashuka kutwa. Mwenye ndugu huko akakae wiki mbili akikimbia asubuhi. Asiyeweza, mbio zake ndefu za Jumamosi katika mwezi wa mwisho azifanyie huko. Atalipata joto walau kwa sehemu, na atajifunza anahitaji maji kiasi gani. Ila asikimbie kutoka Tukuyu hadi Kyela kwa majivuno. Kushuka zaidi ya mita 1,000 huyachana mapaja kuliko kupanda, na maumivu yake hukomaa siku ya pili. Mteremko uzoewe kidogo kidogo, kuanzia Mei. Kuhusu wiki mbili za mwisho nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa sayansi imeshaamua: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba kupunguza kilomita kwa karibu nusu katika wiki mbili hizo, huku kasi ikibaki ileile, huleta matokeo bora. Anayejipima na kilomita 20 Jumatano ya wiki ya mbio anashindania medali ya Jumatano.

Kuna wanaosema kwamba mipango hii ni ya Wazungu, na kwamba Wakenya hukimbia tu, wakaamka mabingwa. Siwaelewi. Kule Kaptagat, kambi ya Eliud Kipchoge chini ya Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya 1992 katika kuruka viunzi na maji, wiki ina mpangilio unaojulikana: Jumanne uwanjani kwa kasi, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi kupokezana kasi na pole, na siku nyingine mbio za taratibu. Taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kuwafuata kwa muda. Kwa miaka mingi Kipchoge alikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka. Anayetoka kwenye lango la kambi akasema "wanakimbia tu" hakukaa wiki nzima.

Pingamizi la fedha ni gumu zaidi, na silidharau. Kijana mwenye kasi anaweza kupata zawadi kwenye mbio tatu ndogo kwa mwezi, na zawadi hiyo ni mbolea, ni ada ya mdogo wake. Kumwambia asubiri Oktoba ni rahisi kwa mtu asiyesubiri chochote. Kwake nasema hivi: mbio za karibu, za kilomita 5 au 10, zinaweza kuchukua nafasi ya siku ngumu ya wiki, mradi siku tatu kabla na baada yake ziwe nyepesi kweli. Zinazodai basi la usiku kwenda na kurudi ndizo za kuhesabu mara mbili; ukitoa nauli, chakula na ada ya kujiandikisha, kisha wiki mbili za miguu mizito, zawadi ya mtu wa tano huwa imeshaliwa njiani. Na kwa wengi wetu, msikilizaji, tusidanganyane, zawadi haipo kabisa. Tunakimbia kwa afya na kwa furaha, na afya haina haja ya medali kumi.

Wengine watasema, mwaka mzima ni mrefu, lolote linaweza kutokea, kupanga ni kujisumbua. Filbert Bayi alijua hilo kuliko sisi. Alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, ya maili mwaka 1975 kule Kingston, na mwaka 1976, wakati dunia ikimsubiri Montreal, nchi za Afrika zikagomea Olimpiki kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Hakukimbia. Mwaka 1980 kule Moscow akachukua fedha, tena katika mbio nyingine, mita 3,000 za viunzi na maji. Siku ya mbio inaweza kuchukuliwa na siasa, na malaria, na msiba. Miguu iliyojengwa haichukuliwi kirahisi hivyo, na ndiyo sababu mimi nauweka uzito kwenye ile miezi minne ya mvua kuliko kwenye tarehe ya mashindano.

Kwa akina mama na mabinti hesabu inabadilika kidogo, na makocha wetu wengi hawaijui. Aliyechota maji, akatwanga na kubeba mtoto mgongoni ameshafanya kazi kabla ya kufunga kamba za raba. Mpango wake uanze kwa kuuliza nani atabaki na mtoto nusu saa hiyo, la sivyo utabaki kwenye karatasi. Na chakula: binti anayekimbia sana huku akila kidogo anaweza kupoteza siku zake za mwezi, na hiyo ni ishara ya mifupa kudhoofika, isichukuliwe kama nafuu. Ndizi, maharage, maziwa, parachichi na dagaa wa Nyasa, vyote viko hapa na vinatosha. Uwezo upo: Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 41.

Zimebaki mbio za Mei hapo Mbeya, ambazo ndizo kubwa zilizo karibu nasi, na itakuwa kichekesho mtu wa Rungwe akizikosa. Nashauri zikimbiwe, kilomita 10 au 21, kama kipimo cha katikati ya mwaka: kwa nguvu kiasi, bila kupunguza mazoezi kwa wiki mbili, na bila hasira muda ukiwa wa kawaida, kwani zinaangukia mwisho wa mvua, kabla kasi haijaanza kutafutwa. Vijana wa shule wao wana mashindano yao ya UMITASHUMTA na UMISSETA katikati ya mwaka, na walimu wa michezo hulazimika kuwanoa mapema. Hilo linaeleweka, ila basi hao wasikokotwe tena kwenye kila bonanza hadi Desemba. Na kwa maofisa michezo na klabu za jogging za wilaya nina ombi moja. Mkiandaa mbio zenu wenyewe za Tukuyu, kilomita 10 zinatosha, ziwekeni Septemba. Barabara ni kavu, mahindi yameshaingia ghalani, shule zimefunguliwa, na aliyeanza Novemba atakuwa tayari. Tarehe itangazwe mwaka mmoja kabla, kwa maana anayetangaziwa wiki tatu kabla ya mbio hana cha kupanga.